Kununua na Kutunza Ducati 748 ya Zamani

Pikipiki ya Kiitaliano Ducati 748 ya mwaka 1999 iliyokwisha kutembea kilomita 45,000, yenye risiti za kila tengenezo, ni ununuzi salama zaidi kuliko nyingine ya mwaka huohuo iliyotembea kilomita 9,000 tu kisha ikakaa gereji miaka mingi chini ya turubai. Najua kwamba wauzaji wengi hapa Uingereza, ninakoishi, huitangaza hiyo ya pili kwa herufi kubwa, na najua pia kwamba mnunuzi akiona plastiki nyekundu isiyo na mkwaruzo na mita yenye tarakimu chache, moyo wake hulainika. Nimemiliki 748 kwa miaka kadhaa na nimesaidia jamaa zangu kukagua za kwao kabla hawajatoa fedha, na msimamo wangu haujabadilika: mashine hii huharibiwa zaidi na kukaa kuliko na kutembea.

Asili yake ndiyo inayoeleza gharama zake. Mwishoni mwa mwaka 1993, kwenye maonyesho ya pikipiki ya Milan, Ducati ilionyesha 916, kazi ya Massimo Tamburini na wenzake katika kituo cha utafiti, kilichokuwa San Marino, cha Cagiva, kampuni iliyoimiliki Ducati wakati huo. Taa mbili nyembamba mbele, mabomba ya moshi yaliyopanda hadi chini ya kiti, gurudumu la nyuma lililoshikwa na mkono mmoja tu: sura hiyo imeigwa mara nyingi tangu wakati huo, na kwa macho yangu hakuna aliyeifikia. Mwaka 1994 Mwingereza Carl Fogarty aliitumia 916 kutwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za Superbike, akarudia 1995, na ndiyo maana Waingereza wa rika fulani huizungumzia kwa mapenzi makubwa. Muda mfupi baadaye ikafuata 748, yenye fremu ileile ya mabomba ya chuma na injini ya muundo uleule wa silinda mbili zilizotengana kwa nyuzi 90, ila pistoni zake ni za milimita 88 badala ya 94. Iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2002.

Mimi huipendelea 748 kwa sababu injini yake hupanda mizunguko kwa wepesi na bei yake ya kununulia kwa kawaida ni ya chini kuliko ya kaka yake. Hata hivyo, anayeinunua kwa kufuata unafuu huo afahamu kwamba unafuu unakomea siku ya kulipa, kwa kuwa valvu, mikanda na klachi ya 748 hudai saa zilezile za fundi zinazodaiwa na 916.

Saa hizo nyingi hutumika juu ya silinda. Katika injini za kawaida, valvu, yaani vilango vya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi, hufunguliwa na kamshafti (mhimili wenye nundu unaozunguka) na kufungwa na springi. Katika Ducati hizi, kufunga nako hufanywa na kamshafti, kupitia roka ya pili (roka ni mkono mdogo wa chuma unaoiendesha valvu), kwa utaratibu unaoitwa desmodromiki, ambao mhandisi Fabio Taglioni aliuingiza katika pikipiki za mashindano za kiwanda hicho mwaka 1956. Injini ya 748 ina valvu nane, na kila valvu ina roka ya kufungua na roka ya kufunga, kwa hiyo kuna nafasi (mianya midogo) 16 za kupimwa, kila moja kwa sehemu za mia za milimita. Nafasi isipokuwa sawa, fundi hubadilisha kipande kidogo cha chuma chenye unene maalumu, hupima tena, na huenda akalazimika kurudia. Ili kufika huko ni lazima avue plastiki, atoe tangi na kisanduku cha hewa, na kwa silinda ya mbele asogeze rejeta. Fundi anayesema ataimaliza kazi hiyo kwa saa mbili simkabidhi ufunguo wangu.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni hali ya roka zenyewe. Uso wa roka unaosuguana na kamshafti ulipakwa kromu ngumu, na katika injini za familia hii kromu hiyo inajulikana kwa kubanduka. Huanza kama alama ndogo kwenye uso unaong'aa, kisha hutoka magamba, na uso uliobaki huanza kuila kamshafti. Pikipiki huendelea kuwaka na kukimbia vizuri wakati haya yakitokea, kwa hiyo mwenyewe hana habari mpaka uharibifu umeshakuwa wa fedha nyingi. Huwezi kuyagundua kwa kusikiliza wala kwa kuijaribu barabarani, bali kwa kufungua vifuniko na kumulika kwa taa. Kwa sababu hiyo, risiti iliyoandikwa "huduma kamili" hainitoshi. Natafuta risiti inayotaja kwamba roka zilikaguliwa, ngapi zilibadilishwa, na kama zilizowekwa zilipakwa upya na wataalamu wa kazi hiyo. Muuzaji akiwa nayo, niko tayari kumwongezea bei bila kubishana sana. Asipokuwa nayo, nakata kwenye bei gharama za ukaguzi wa valvu na sehemu ya gharama za roka, na asipokubali naondoka kwa heshima.

Mikanda ya taimingi, inayozizungusha kamshafti, ni jambo jepesi zaidi, lakini halisamehe. Iko miwili, mmoja kwa kila silinda, na ni ya mpira ulioimarishwa kwa nyuzi. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni na injini huwa imekwisha. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi wanaozijua Ducati hizi ni kuibadilisha kila baada ya miaka 2, hata kama pikipiki haikutoka nje. Hapa ndipo zile kilomita 9,000 zinapopoteza thamani, kwa maana mwenye pikipiki ya kupamba gereji huona hana sababu ya kubadilisha kitu ambacho hakikutumika, na mpira unazeeka papo hapo ulipo. Nikinunua pikipiki isiyo na tarehe ya mikanda kwa maandishi, siiwashi tena baada ya kuifikisha nyumbani mpaka mikanda mipya imefungwa.

Siku ya kwenda kuiona, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini baridi husema ukweli, na ukigusa ukakuta ina joto, uliza sababu. Kabla ya safari, ingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya serikali inayoonyesha historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, kwa sababu kumbukumbu zake hurudi nyuma hadi mwaka 2005 na huonyesha umbali uliosomwa kwenye mita kila mara. Miaka isiyo na ukaguzi ni miaka ambayo pikipiki ilikuwa imekaa, au ilitembea bila kibali.

Ukivuta klachi injini ikiwa inanguruma taratibu, utasikia sahani zikigongana kwa kelele kubwa. Klachi hii ni kavu, haiogi kwenye oili, na kelele hiyo ni tabia yake. Kinachostahili kuangaliwa ni ngoma inayoshika sahani, kwa kuwa meno yake huchimbika, na pia silinda ndogo ya haidroliki ya klachi upande wa injini, ambayo sili yake huvuja na kuifanya gia huru (nyutro) isipatikane. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili na ukague vizuizi vyake, kwani vikiwa vimepinda au kupasuka, pikipiki hiyo ilianguka hata kama rangi ni mpya.

Umeme wake unastahili lawama nyingi ulizopata. Waya zitokazo kwenye alteneta huingia kwenye kiunganishi ambacho hupata joto, hubadilika rangi na hatimaye huyeyuka, na rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa alteneta uweze kuchaji betri, nayo hufa mapema kuliko inavyotakiwa. Chukua mita ya umeme. Injini ikizungushwa kidogo juu ya mngurumo wa kawaida, betri ionyeshe kati ya volti 13.5 na 14.5. Betri dhaifu haimwachi tu mtu njiani. Stata ikiizungusha injini kwa unyonge, injini huweza kurudi nyuma ghafla na kuvunja klachi ya stata iliyo nyuma ya flaiwili, na kuifikia ni kazi ya kufungua upande mzima wa injini.

Ikishakuwa yako, itumie. Huo ndio utunzaji wa kwanza. Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anayeitamani aelewe tu kwamba haikuumbwa kwa foleni, kwani joto la mabomba chini ya kiti na klachi kavu inayoumia kila unaposimama na kuondoka vitamchosha yeye na mashine. Inataka barabara iliyo wazi na injini iliyokwisha kupata joto kamili kabla ya kuongezewa mizunguko. Mimi hutumia petroli ya kiwango cha E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, kwa sababu petroli ya kawaida hapa tangu mwaka 2021 ina ethanoli hadi asilimia 10, nami sitaki kuongeza mzigo kwa mipira ya zamani ndani ya tangi. Mipira hiyo midogo, inayounganisha pampu na chujio, nayo hupasuka kwa uzee, na pikipiki hukosa nguvu bila dalili yoyote ya nje.

Majira ya baridi yakifika na chumvi ikaanza kumwagwa barabarani, naiosha, nabadilisha oili kabla ya kuiweka ili oili chafu isilale kwenye beringi, najaza tangi hadi juu, na kuunganisha chaja ndogo inayoilinda betri. Siiwashi kwa dakika mbili kila wiki kama baadhi ya watu wanavyoshauri, maana injini isiyopata joto kamili hukusanya unyevu ndani yake. Mwezi Machi natazama tarehe ya mikanda kwenye kitabu cha matengenezo, napima unene wa pedi za breki, nakaza nati kubwa ya gurudumu la nyuma, ya milimita 46, kwa spana ya kupimia nguvu, na kila nilichokifanya nakiandika humo pamoja na tarehe na kilomita, kwa sababu atakayeinunua kutoka kwangu atakuwa na haki ya kuniuliza maswali yaleyale niliyomuuliza aliyeniuzia.