Newry hadi Crossmaglen: Barabara Iliyolishinda Jeshi

Basi la kutoka Newry kwenda Crossmaglen, kusini mwa Ireland ya Kaskazini, halina haraka. Linapita katikati ya malisho madogo yaliyozungushiwa michongoma na kuta za mawe, kona baada ya kona, na kila pakiwa na kijito kuna kalavati chini ya lami. Mimi nilikuwa nahesabu makalavati. Hayo ndiyo yaliyolifanya Jeshi la Uingereza liikimbie barabara ya nchi yake lenyewe.

Operesheni Banner, kazi ya jeshi hilo katika Ireland ya Kaskazini, ilianza Agosti 14, 1969, askari walipoingia Derry kutuliza ghasia, na ikafungwa Julai 31, 2007. Miaka 38. Belfast na Derry magari ya deraya yaliendelea kupita mitaani. Huku kusini mwa jimbo la Armagh mambo yalikuwa mengine: wapiganaji wa IRA, kundi lililotaka kuuondoa utawala wa Uingereza na kuiunganisha Ireland, walishindilia vilipuzi ndani ya kalavati, wakavuta waya hadi kilimani, wakangoja. Anayengoja hana haja ya kusogea karibu. Anachagua alama, nguzo au mti, na gari likifika usawa wake anabonyeza, kisha anavuka mpaka kuingia Jamhuri ya Ireland. Kukagua barabara nzima kabla ya kila msafara kulihitaji askari wengi kuliko wale wa kusafirishwa. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1970 jeshi likahamia angani.

Nilishuka Bessbrook. Kijiji hiki kilijengwa na Richardson, Mquaker (dhehebu la Kikristo linalopinga vita) mwenye kiwanda cha kitani, aliyekataza baa na duka la rehani kwa imani kwamba hapo hata polisi hawatahitajika. Kiwanda chenyewe, jengo kubwa la mawe, kikaja kuwa kambi, na kiwanja chake cha helikopta kikasifika kuwa na pilika kuliko vingine vyote Ulaya. Askari, chakula na mafuta vilikwenda Crossmaglen kwa helikopta. Takataka za kambi zikarudi vivyo hivyo.

Kutua nako kulikuwa na masharti. Sehemu iliyotumika jana haitumiki leo, na askari wakigusa ardhi wanatawanyika na kulala chini. Walitembea wannewanne, kundi wakaliita tofali, na wa mwisho akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache. Geti hawapiti, wala upenyo uliokwisha kuwapo kwenye ua. Wanapenya michongomani na kuchanika, kwa sababu panapopitika kwa urahisi ndipo panapotegwa. Mmoja alibeba mgongoni mtambo wa kuvuruga mawimbi ya redio. Ulipozima mabomu ya rimoti, IRA wakategemea tena waya, ambao hauvurugiki.

Kwa maoni yangu, kasoro kubwa zaidi ilikuwa zamu. Vikosi vingi vilikaa miezi minne hadi sita: askari anaanza kujua gari lipi si la kijiji hiki, muda wake umekwisha. Mwenzake upande wa pili amezaliwa hapo.

Askari wa mwisho kuuawa na IRA katika operesheni hiyo alipigwa risasi hapahapa Bessbrook, Februari 12, 1997, kwenye kizuizi cha barabarani. Mdunguaji alimpata wakati anamrudishia mama mmoja leseni ya udereva.

Na anga nayo haikuwa salama kabisa. Crossmaglen, Machi 20, 1994, kombora la motari lilikata mkia wa helikopta aina ya Lynx ikiwa juu ya kambi. Waliokuwamo waliumia, wakapona. Kambi hiyo ilibanana na uwanja wa klabu ya Crossmaglen Rangers na kuumega, na mechi zilisimama helikopta zikishuka. Leo uwanja ni wa wachezaji, na minara ya ulinzi iliyokuwa juu ya vilima imeng'olewa yote.

Kutoka hapo nilitembea kwa miguu kuelekea kusini. Mpaka hauna kizuizi wala bendera. Niliujua kwa vibao vya mwendo, maili zilipogeuka kilomita.