Chai ya moto kwenye baiskeli: jinsi nilivyozuia isimwagike

Kikombe cha kifuniko cha kubonyeza hakifai baiskeli. Tairi likigonga shimo, chai inaruka na kukisukuma kifuniko, na mvuke nao unakisukuma kutoka ndani. Nilikuwa nafika kazini begi limelowa, na chai iliyobaki ni vuguvugu.

Dawa ilikuwa themosi ndogo ya chuma: kuta mbili zisizo na hewa katikati, na kifuniko cha kuzungusha chenye raba. Chombo cha namna hii kilibuniwa na mwanasayansi James Dewar mwaka 1892 kwa kazi za maabara, nacho kinatufaa sana sisi wa barabarani. Ila raba ndiyo kila kitu. Ivue uitazame kwenye mwanga: ikiwa na ufa, au mabaki ya maziwa yameganda kwenye mfereji inamokaa, itavuja tu hata ukaze vipi. Yangu naivua na kuiosha kila jioni.

Likabaki tatizo la kuchezacheza. Vishikio vingi vya chupa kwenye fremu vimetengenezwa kwa chupa yenye kipenyo cha takriban milimita 73, na themosi yangu ni nyembamba zaidi. Nikakata kipande cha tyubu kuukuu, nikaivisha kama soksi. Ikabana kabisa, hata kelele zikaisha.

Asubuhi natangulia kutia maji yanayochemka ndani ya themosi, nayaacha dakika 5 ili ipate moto, nayamwaga, ndipo namimina chai. Kunywa ni baada ya kusimama, miguu yote miwili chini.