Kusi ya Mtwapa

Mpwa wangu ameniuliza swali lililonikesha. Alikuwa akitazama kwenye simu mbio za baiskeli za Tour de France ya 2024, ile ambayo Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu na kuvaa hadi mwisho jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. "Sasa mbona kwenye milima haonekani? Kachoka?" Nikamwambia hajachoka, njia ndiyo haikuwa yake. Maneno hayo si yangu, ni ya Ami, ndugu ya baba yangu.

Wakati ule nashindana mwenyewe, Ami bado ana banda lake la baiskeli Kongowea, Mombasa. Vijana walipoandaa mbio, njia ya kwanza ilikuwa itoke Changamwe ipande hadi Mazeras, nami nikafurahi sana. Nilikuwa mwembamba, na mlimani kila kilo unaibeba mwenyewe. Siku chache kabla ya mbio wakaibadilisha kwa sababu ya malori ya bandarini: tutaanzia Kongowea, tugeuze Mtwapa, turudi. Kilomita kama 15 kwenda na 15 kurudi, karibu yote tambarare.

Ami alipopata habari aliweka spana chini, akatoka nje kuitazama minazi. Ilikuwa Agosti, msimu wa kusi, upepo utokao kusini.

"Mbio zishakwisha," akasema. "Atashinda yule wa mikate."

Yule wa mikate alikuwa pandikizi la mtu, kila alfajiri na sanduku lake nyuma ya baiskeli, akipeleka mikate maduka ya Bamburi na Shanzu.

"Ami, yule kupanda daraja la Nyali tu ahema!"

"Kwani mwapanda daraja la Nyali? Wewe watazama miguu ya watu, hutazami njia. Kwenda mtasukumwa na kusi, kila mtu ataonekana hodari. Kurudi ndiko kwenye mlima, na mlima wa huku pwani ni upepo. Upepo haukuulizi una kilo ngapi, wakuuliza una nguvu ngapi."

Baadaye nilisoma kwamba ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, hewa pekee inakudai nguvu karibu mara nane. Mtu mnene hapigwi na upepo mara mbili ya mwembamba, ila mapaja yake yana nguvu nyingi zaidi. Ami hakuhitaji hesabu hiyo.

Kwenda kulikuwa kama alivyosema. Blakimamba zetu, baiskeli nzito za chuma, ziliruka, tukacheka, tukafika Mtwapa kundi zima.

Tuligeuza, tukaingia darajani. Pale juu ya mkono wa bahari hakuna nyumba wala mti, na kusi ilitupiga usoni ikitokea kidogo kushoto, upande wa baharini. Kundi likachanika papo hapo. Nilijibana nyuma ya yule wa mikate, kuliani kwake, na upepo ukafa. Nilisikia mnyororo wake, nikasikia pumzi zake, nikajiambia nitakaa hapa hadi Kongowea. Akageuza shingo akanitazama. Hakusema kitu. Akaanza kusogea kulia, taratibu, mpaka gurudumu lake likawa juu ya mstari wa katikati ya barabara. Matatu zilikuja mbele yetu zikipiga honi. Kuliani kwake hapakuwa na nafasi tena, na nilipobaki nyuma yake moja kwa moja kusi ilinipata ubavuni. Likafunguka pengo la nusu gurudumu. Nikakaza mpaka macho yakaona giza. Likawa gurudumu zima, likawa baiskeli nzima. Yeye hakuongeza mwendo hata kidogo, alibaki na uleule.

Alishinda peke yake.

Mwaka 2016 niliyaona tena mambo hayo, mashindano ya dunia ya baiskeli ya Doha: jangwa tambarare, upepo wa ubavuni ukalipasua kundi, na mwisho wakamaliza Sagan, Cavendish na Boonen, wote watu wa mbio za kasi. Septemba 2025 yakaja Kigali, kilomita zaidi ya 260 za kupanda na kushuka, akachukua Pogačar, bingwa wa milima. Ami angeyataja majina ya aina hiyo kwa kutazama ramani tu.

Lakini kuna jambo hakunimalizia. Siku ile walikuwapo wachukuzi na wauza maji, wanene vilevile, wenye nguvu vilevile. Njia ilikuwa yao pia, na kusi iliwaacha nyuma yangu. Nilipomwambia Ami, alinijibu: "Na yeye kafundishwa na nani, kama si njia hiyohiyo? Kila alfajiri arudi na lile sanduku, na lashika upepo." Sikukubali sawasawa, hadi leo. Njia inaweza kumfundisha mtu, ila wangapi waliipita kila siku wasijifunze?

Mbio za Mazeras hazikuwahi kufanyika. Ningependa kuamini kwamba ningemwacha pale Miritini, kwenye njia ya Mazeras. Ila mtu aliyeusoma upepo vile, sijui kama mlima nao asingeusoma.