Viluwiluwi kwenye kopo la Blue Band

Septemba 1992 nilikuwa na miaka kumi, tukikaa kwenye yunipoti katika kambi ya jeshi pale Jinja, Uganda. Kibanda cha bati, cha mviringo, paa limechongoka; mchana tanuri, usiku barafu. Kiswahili ndicho kilikuwa lugha ya kambi, na redio ya baba nayo ilisema Kiswahili.

Jioni moja akatuita. "Njooni msikie! Daktari mwanamke, mweusi kama nyinyi, yuko angani na vyura."

Mama alikuwa akichagua maharage, hata hakuinua macho. "Vyura wa nini huko?"

Ndiye Mae Jemison. Kwamba alisomea uhandisi wa kemikali, kisha udaktari, akatibu watu Liberia na Sierra Leone kabla ya kupanda chombo cha angani Endeavour tarehe 12 mwezi ule, niliyajua ukubwani. Na kwamba alijifunza hata Kiswahili! Laiti ningejua, ningemwita shangazi. Usiku ule nilishika habari ya vyura tu: watatagia hukohuko, mayai yarutubishwe, ionekane kama kiluwiluwi atakua mahali ambapo hakuna kitu chenye uzito.

Kesho yake nikaenda bwawani nyuma ya kambi, nikachota ute wenye vitone vyeusi, nikautia kwenye kopo la Blue Band, nikalining'iniza kwa kamba katikati ya yunipoti. Kila nikipita nalizungusha. Nilitaka mayai yasijue juu ni wapi. Siku ya tatu yakaanguliwa. Siku ya sita kamba ikakatika, kopo likatua kwenye sufuria ya maharage.

Kiboko sisimulii.

Baba aliporudi kutoka zamu alichungulia wale waliosalia kwenye tope la kopo. "Haya, afande daktari, warudishe askari wako kambini kwao."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba viluwiluwi wa Endeavour walikua vizuri, ila mapafu yao hayakujaa hewa mpaka waliporudi duniani. Kule juu hakukuwa na juu ya kupanda kutafuta pumzi.

Wangu, nilipowamwaga bwawani, walizama kama changarawe. Nikachuchumaa, baba amesimama nyuma yangu na buti zake. Mmoja akapanda, akagusa uso wa maji, akameza hewa, akashuka. Kisha wa pili.

"Hesabu," baba akasema.