Siku moja gereji: pedali ngumu na foleni ya Buguruni

Saa 12:30 asubuhi. Gereji yetu ipo Tabata, chini ya mwembe, kwa hiyo kazi ya kwanza kila siku ni kufagia majani. Dogo anafagia, mimi nafuata chai ya rangi na chapati mbili kwa mama wa jirani. Tuna Noah iliyolala hapa bila gia boksi, na mwenyewe ameshapiga simu mara mbili kabla jua halijatoka.

Saa 1:10 anaingia Mwalimu mmoja mstaafu na RAV4 yake ya petroli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Hili gari litaniua."

Ijumaa anakwenda Iringa kwenye harusi ya mjukuu, na usingizi unamkimbia akiwaza kurudi kwake, anashuka mteremko wa Kitonga na malori mbele na nyuma. Huko alikoanzia wamembadilishia pedi za mbele, wametoa upepo, wameweka oili mpya ya breki. Pedali bado ngumu. Sasa wanamwambia anunue busta, laki mbili na themanini, tena ya mtumba.

Nikamuuliza jambo moja tu: pedali inazama au inagoma? Watu husema "breki hazishiki" kwa yote mawili, kumbe ni magonjwa tofauti kabisa. Ikizama hadi chini, tafuta upepo kwenye mabomba, oili inayovuja au masta silinda iliyochoka, ile pampu inayosukuma oili ya breki. Ikigoma kama umekanyaga ukuta, mara nyingi mguu umekosa msaidizi. Msaidizi ni busta, lile duara jeusi la bati nyuma ya masta silinda. Ndani yake mna mpira mpana unaoligawa pande mbili. Injini inafyonza hewa humo kupitia bomba la mpira. Ukikanyaga, hewa ya nje inaingia upande mmoja na kusukuma pamoja na mguu wako. Mvuto ukikosekana, unabaki wewe na nguvu zako za chai na chapati.

Saa 2. Nimezima injini, nikapampu pedali mara tano hadi ikakaza, nikaiacha chini ya mguu nikawasha. Ikashuka kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Nikasikiliza chini ya dashibodi, hakuna mluzi wa mpira uliochanika. Nikachomoa valvu ya njia moja, nikapuliza: hewa inapita kuelekea injini, kurudi hairudi. Geji ya vakyumu, ya kupima mvuto huo, ikasimama kwenye inchi 19 za zebaki, ndivyo inavyotakiwa, na injini inaunguruma taratibu. Kila kitu kizima.

Nilitaka kumwambia Mwalimu gari halina tatizo. Nashukuru sikusema. Aliniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyeandika jibu bila kuonyesha njia, akasema, "Asubuhi huwa halina neno. Subiri lichoke."

Basi tukaacha lichoke. Kati ya saa 3 na saa 5 tulishughulika na Noah.

Saa 5:15 nikalitoa mwenyewe, barabara ya Mandela kuelekea Buguruni, foleni ya kawaida, jua la kawaida. Nusu saa nzima pedali laini. Nikiwa nyuma ya lori la kokoto, nikakanyaga mara ya kwanza: poa. Tukasogea hatua mbili, nikakanyaga: nzito. Mara ya tatu ilikuwa jiwe. Nikasimamia pedali kwa miguu yote miwili huku navuta breki ya mkono, na RAV4 ikasimama mkono mmoja kutoka kwenye bodi la lori. Kondakta wa daladala pembeni akanipigia makofi.

Narudi gereji polepole, na injini siizimi. Nikafungua boneti, nikamwambia dogo akae kwenye usukani akanyage, mimi macho kwenye mpira unaotoka manifoldi, njia ya hewa ya injini, kwenda kwenye busta. Dogo akakanyaga mara mbili. Pale kwenye kona mpira ukalala bapa kama utumbo uliokamuliwa. Akaachia, ukabaki umelala.

Nikaugusa: laini kama sikio. Kuna mtu aliweka mpira wa maji. Ukiwa wa baridi unasimama wenyewe, ukipata joto la injini unanyonywa hadi kuta zinagusana. Ndiyo maana vipimo vya asubuhi vilinidanganya. Valvu inatunza mvuto uliokwishaingia, kwa hiyo kanyago la kwanza siku zote ni zuri. Linalofuata halina cha kujazia. (Wale wanaozima injini mteremkoni ili kubana mafuta wanaishi kwa akiba hiyohiyo, ya kukanyaga mara moja au mbili.)

Saa 7 bodaboda hadi mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Duka la kwanza kijana akanipa mpira wa maji uleule. "Unaingia, fundi!" Kuingia unaingia. Nikauminya kwa vidole viwili, ukakubali, nikaurudisha. Duka la tatu nikapata wenyewe, ukuta mnene, nyuzi zinaonekana pale ulipokatwa, na kona yake imefinyangwa kiwandani. Elfu kumi na nane.

Saa 9 umefungwa, klampu mpya pande zote mbili, injini ya moto, dogo anakanyaga mara kumi mfululizo. Mpira hata haushtuki. Ugali wangu ulikuwa umepoa, nikaula hivyohivyo.

Saa 10:20 Mwalimu akaliendesha mwenyewe hadi Buguruni na kurudi. Akashuka anatabasamu, kisha akaanza hesabu.

"Mpira elfu kumi na nane. Na hii elfu arobaini ya nini?"

"Ya foleni, Mwalimu. Na ya lile lori."

Akalipa elfu hamsini na tano, tukaelewana. Akaomba mpira wa zamani, akauzungushia gazeti na kuuweka kiti cha mbele. Kesho asubuhi, kasema, anaupeleka kule walikotaka kumuuzia busta.