Siku moja maishani mwangu: punda, mbuzi na sungura

Saa 1:40 asubuhi

Hata koti sijavaa, nafungua friji ya maabara. Kisanduku cha plastiki kipo palepale nilipokiacha, karatasi ya ndani bado mbichi, na slaidi sita, vioo vyembamba vyenye seli juu yake, zimelala salama usiku kucha kwenye nyuzi 4. Huwa naanza kwa kuigusa ile karatasi. Slaidi ikikauka huku ina kingamwili (zile protini za kinga ya mwili zinazoshika kitu kimoja maalumu) juu yake, kingo zake huwaka kama taa za harusi, na hapo huna tena cha kupima.

Jana jioni tulizimwagia seli kingamwili mbili za kwanza. Moja imetoka kwa sungura, inashika protini iliyo kwenye utando wa kiini cha seli. Nyingine ni ya mbuzi, inashika protini tunayoitafutia makazi. Tunataka kujua kama hizo protini mbili zinakaa pamoja. Zote mbili hazionekani kwa jicho wala kwa hadubini mpaka zishikwe na kingamwili za pili, zile zenye rangi.

Saa 2:10

Kuosha. Mara tatu, dakika tano tano. Sina la kusimulia hapa.

Saa 2:45

Nazima taa kubwa, nabakiza ya mezani niliyoigeuzia ukutani. Rangi hizi hufifia zikikaa kwenye mwanga, na sitaki kuzichosha kabla ya kazi. Natoa vichupa viwili vilivyofungwa foili na kuvizungusha kwenye sentrifuji dakika 10, ili vile vibonge vilivyoganda vishuke chini. Ukiruka hatua hii, baadaye utaona vinyota vya kijani kila mahali na utaanza kuvitungia nadharia.

Mwanafunzi wangu anashika tochi.

"Dada, kwa nini tusiifunge rangi kwenye ile ya kwanza moja kwa moja, tukamaliza?"

"Inawezekana, mdogo wangu. Ndivyo ilivyoanza. Mtafiti Albert Coons na wenzake walifanya hivyo mwaka 1941. Hii njia ya kupitia ya pili ilifuata baadaye, miaka ya hamsini."

Faida yake ni mbili. Kwanza, kingamwili moja ya sungura hukaliwa na kingamwili kadhaa za pili, na kila moja imebeba molekuli kadhaa za rangi, kwa hiyo mwanga huongezeka. Pili, kichupa kimoja cha "dhidi ya sungura" hukutumikia kwa kingamwili yoyote ya sungura uliyo nayo. Namna ya kuipata ni kumchoma mnyama mwingine kingamwili za sungura. Mwili wake huziona ngeni na kutengeneza za kuzikamata. Ndiyo maana lebo zetu husomeka "mbuzi dhidi ya sungura", "punda dhidi ya mbuzi". Mpita njia akitusikia atadhani tunasimuliana hadithi za Sungura mjanja.

Navuta mikrolita 2 za kila kichupa kwenye mililita 1 ya bafa, maji yetu ya kuchanganyia, yaani 1 kwa 500. Ya kijani ni 488 (namba ni jina la rangi), dhidi ya sungura. Nyekundu ni 594, punda dhidi ya mbuzi. Natia, nafunika kwa foili, naweka saa moja.

Saa 4:00

Barua pepe. Fomu. Fomu nyingine ya kuomba fomu.

Saa 5:00

Naosha tena, gizani. Natia DAPI ya kupaka viini buluu, nabandika vioo vya juu, na kuziacha zikauke.

Saa 8:15 mchana

Chumba cha hadubini. Slaidi ya kwanza: kijani, pete safi kuzunguka kila kiini. Napiga picha. Nageuza kichujio: nyekundu ina vidoto vilivyotawanyika ndani ya seli, halafu, lo! ina pete vilevile. Napandanisha picha mbili. Pete inakuwa njano yote, kijani juu ya nyekundu, bila pengo.

Mwanafunzi amesimama nyuma yangu, anapumua kwa kasi. Mimi mwenyewe moyo unanidunda. Protini yetu inakaa kwenye utando wa kiini! Kwa dakika kama nne nilikuwa mtu mwenye furaha sana.

Kisha nikaiangalia tena ile pete. Kijani kikipungua kidogo upande wa kushoto, nyekundu nayo inapungua hapohapo. Protini mbili tofauti hazikubaliani kiasi hicho.

Saa 8:40

Tunashuka kwenye slaidi za kudhibiti, zile tunazozinyima kitu makusudi ili kupima kama tunachokiona ni cha kweli. Ya kwanza haikupewa kingamwili za kwanza, imepata za pili tu: nyeusi tii. Wengi huishia hapa na kusema mambo ni shwari. Ya pili ina sungura na kijani peke yake: pete ya kijani ipo, upande wa nyekundu giza. Basi si kijani kinachovujia kwenye kichujio cha nyekundu.

Ya tatu ina sungura tu, haina kingamwili ya kwanza ya mbuzi kabisa, ila imepata za pili zote mbili. Nyekundu haikupaswa kuwa na cha kushika pale. Pete nyekundu inawaka.

Nikarudi mbio kwenye friji. Kichupa cha kijani ninachokitumia siku zote ni punda dhidi ya sungura. Hicho kiliisha wiki iliyopita. Asubuhi nilichukua cha jirani yake, kifuniko kilekile, nikasoma mwisho wa lebo: "dhidi ya sungura, 488". Neno la kwanza la lebo sikulisoma. Lilikuwa "mbuzi".

Hapo kila kitu kikajieleza. Punda dhidi ya mbuzi hachagui mbuzi: ameshika kingamwili yetu ya kwanza ya mbuzi, na ameishika pia ile ya kijani, maana nayo imetoka kwa mbuzi. Na ile slaidi ya kwanza ya kudhibiti ilibaki nyeusi kwa sababu bila sungura kijani hakikuwa na pa kukaa, kikaoshwa, na nyekundu ikakosa wa kumdandia.

"Kwa hiyo vile vidoto ni vya kweli?" mwanafunzi anauliza.

Labda. Pete ndiyo ya uongo.

Saa 10:30 jioni

Kichupa kipya cha punda kimeagizwa lakini hakijafika, na sina subira. Kuna njia ya kupita: kutia za pili kwa zamu. Punda dhidi ya mbuzi kwanza. Kuosha. Halafu seramu ya mbuzi, maji ya damu yenye kingamwili zake za kawaida, kwa wingi, ijaze mkono wowote wa punda uliobaki wazi, maana kila kingamwili ya aina hii ina mikono miwili. Kuosha tena. Mwisho ndipo kijani cha mbuzi kiingie, kikute mikono yote imeshashika.

Tuna slaidi za akiba zilizohifadhiwa kwa fomalini. Tunazitia kingamwili za kwanza. Moja inapata sungura peke yake, na kesho hiyo ndiyo tutakayoitazama kabla ya nyingine yoyote.

Saa 12:05

Mwanafunzi amebandika tepu kwenye kisanduku na kuandika kwa kalamu nene: PUNDA KWANZA. Nikamwambia aandike na tarehe. Nimefunga friji, nikaifungua tena kuigusa karatasi. Imelowa.