Siku moja maishani mwangu: nalipwa kuangalia seva

Mtaani kwetu Kimara wanajua nafanya "kazi ya kompyuta", basi, kwa hiyo nikirudi jioni kuna mtu kanisubiri na simu iliyojaa memori au flashi yenye virusi. Nikisema kazi yangu ni kuangalia seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia ofisi nzima, zina hali gani wanacheka, eti jamaa analipwa kuangalia. Haya, hii hapa Jumatatu yangu ya juzi.

Saa 11 na nusu alfajiri sijapiga hata mswaki nishafungua simu kuona kama kuna seva imelia usiku. Hakuna. Chai, mwendokasi nimesimama mpaka Posta.

Saa 2 asubuhi naingia chumba cha seva, baridi na makelele ya feni, napita na daftari langu nikiangalia taa za diski moja moja maana ukikuta ya chungwa ujue siku imeharibika. Zote kijani. Nikaagiza chapati mbili.

Saa 3 na dakika 7 simu. Mhasibu wa mteja wetu mmoja, wanauza dawa kwa jumla. "Kaka, sistimu imeganda, ankara moja naandika dakika tano, watu wamejaa hapa." Na seva yao ndio tumewafungia Ijumaa! Kabla sijajibu bosi wake kachukua simu: "Kijana, mimi nilisema hiyo RAM ndogo. Ongezeni RAM."

Huyu mzee na RAM jamani, yaani memori ya kufanyia kazi. Aliwahi kuona kwenye ripoti imeandikwa GB 15 kati ya 16 imetumika, tangu siku hiyo hasikii la mtu. Nimeshamweleza, Linux, mfumo unaoendesha seva, ikiona RAM imekaa bure inaihifadhia mafaili yaliyosomwa karibuni ili yasisomwe tena kwenye diski, programu ikiitaka inaachiwa saa hiyo hiyo, sisi tunaangalia ile safu ya "available" (inayopatikana) sio ya "used" (iliyotumika). Akaniambia ndio, sasa lini mnaongeza?

Naingia kwenye seva kwa mbali, hata kuandika `uptime`, amri ya kuona lodi, herufi zinatokea kwa kuchelewa. Lodi, yaani idadi ya kazi zinazoendelea au ziko foleni, ni 31. Prosesa ina "core" 8, yaani vichwa nane vya kufanya kazi, lodi ikifika 8 tu vyote vinaweza kuwa kazini. Mtu mwingine hapo angekimbilia kusema prosesa imezidiwa, lakini nikafungua `top`, inayoonyesha muda wa prosesa unaenda wapi kwa asilimia: us 6, sy 3, id 20, wa 71. Hiyo "wa" ndio ya kuangalia, ni muda prosesa imekaa inasubiri diski. Linux kwenye lodi inahesabu na wale wanaosubiri diski, sio wanaofanya kazi peke yao. Chukulia kwa mama ntilie kuna wapishi wanane jiko moja, wote wameshika sufuria. Ukiongeza wapishi ndio wali utaiva? Na diski zenyewe ni zile za kuzunguka, zinamudu maombi kama 100 hivi kwa sekunde yakiwa yametawanyika, nilisema tuweke SSD, diski zisizozunguka zenye kasi zaidi, nikaambiwa bei.

Mzee kapiga tena. Na tena. Mara ya sita ananiuliza kama nimezima nikawasha.

Nikafungua `iotop` kuona nani anaila diski, namkuta tar, programu ya kufungasha mafaili. Bakapu! Saa tatu asubuhi inakunja miaka sita ya ankara zilizoskaniwa. Nani kaiweka muda huu? Nafungua crontab, ratiba ya kazi za seva, naona `0 6 * * *`, yaani kila siku saa 6 kamili kwa saa ya seva. Nikaandika `date`, ikaniambia saa 6 na dakika 48 UTC, saa ya kimataifa.

Hapo nikakaa kimya kidogo. Ijumaa nilimwambia dogo wa field, mwanafunzi anayejifunza kazi kwetu, kwa mdomo wangu, bakapu weka saa sita usiku. Dogo kaandika 6. Na seva mimi ndio niliyeiacha kwenye UTC, sisi tuko mbele masaa matatu, kwa hiyo 6 yake ikawa saa tatu yetu kamili, mlango wa duka unafunguliwa. Jumamosi na Jumapili wamefunga, nani angejua.

Nikaipiga `kill -STOP`, haifi, inalala tu. Ndani ya dakika mbili namba ya kwanza ya lodi ikashuka mpaka 6, ya tatu bado 27 maana yenyewe ni wastani wa dakika 15. Mhasibu akatuma meseji, "ahsante kaka inaruka sasa". Mzee nikamwambia ukweli, bakapu ilianza muda sio wake, kosa letu. Akasema sawa, na RAM?

Baada ya hapo sikumbuki vizuri, nilikula wali maharage uliopoa, kuna seva nyingine logi zimejaza diski nikafuta, mtu wa ghorofa ya pili printa yake imekwama karatasi akaniita mimi. Dogo hakuongea mchana kutwa. Jioni nikaiua ile bakapu, nikampa crontab aandike mwenyewe: `0 21 * * *`, saa 21 ya UTC, ambayo ni saa sita usiku yetu.

Usiku niko kitandani na laptop tumboni nasubiri ianze. Ikaanza, lodi 3, watu wamelala haimsumbui mtu. Simu ikawaka, dogo:

"Bro hii saa sita ni yetu au yao?"